Ni Nani Mtu wa Ulyankulu? Historia ya Nchi Moja ya Unyamwezi na Watu Wake

Mwaka mmoja, wakati wa kuandikisha wanafunzi wapya katika chuo kimoja tulichokuwa tukifundisha, kijana mmoja alijaza fomu yake, na penye nafasi ya mahali pa kuzaliwa akaandika "Ulyankulu, Tabora". Karani aliyeipokea aliisoma, akainua macho, akamwuliza: "Kwa hiyo wewe ni mkimbizi?" Kijana akajibu kwa adabu kwamba yeye ni Mtanzania. Kisha akafungua bahasha aliyokuwa ameishika mkononi, akatoa karatasi zake moja baada ya nyingine, kana kwamba tangu anatoka nyumbani alijua kuwa swali hilo lingeulizwa. Sisi tulikuwa tumesimama hatua chache kutoka hapo. Hatukusema neno.

Makala hii imetokana na ukimya wetu huo. Tulipojaribu baadaye kujieleza kwa nini hatukusema neno, tuligundua kwamba hatukuwa na la kusema, kwa sababu sisi wenyewe tuliijua Ulyankulu kwa jina moja tu, yaani "makazi ya wakimbizi wa Kirundi". Jina hilo si la uongo, lakini linaanza hadithi katikati. Linamfanya msomaji adhani kwamba kabla ya mwaka 1972 palikuwa na miti na nyuki, na baada ya mwaka huo pakawa na wageni. Ni nia yetu kuonyesha kwamba nchi hii ilikuwa na watu, na vita, na mtemi mwenye sifa, zaidi ya miaka mia moja kabla ya lori la kwanza la wakimbizi. Na kwamba tangu zamani hizo wakazi wake walikuwa watu waliokusanywa kutoka pande nyingi.

Nchi ya Mtyela Kasanda

Ulyankulu iko kaskazini-magharibi ya mji wa Tabora, katika miombo ya Unyamwezi ya magharibi ambayo maji yake huteremka kwa Mto Igombe kuelekea Malagarasi. Leo imo katika Wilaya ya Kaliua, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Urambo mwaka 2012. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilipita kusini yake, ikagusa Urambo na Kaliua na kuiacha Ulyankulu pembeni. Jambo hilo lina maana katika historia yake, kwa sababu kabla ya reli haikuwa pembeni hata kidogo. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Unyanyembe, yaani Tabora, na iliyotaka kwenda Ujiji kwa njia fupi ililazimika kupita katika nchi za watemi wa magharibi. Aliyezitawala nchi hizo alishika lango la Ziwa Tanganyika.

Katikati ya karne ya 19 Unyamwezi haikuwa dola moja. Ilikuwa mkusanyiko wa temi nyingi, nyingine ndogo kiasi kwamba mtu aliweza kuzivuka mbili kwa siku. Uyowa ilikuwa mojawapo, na mtemi wake alikuwa Kasanda. Mwanawe, Mtyela Kasanda, ndiye aliyekuja kuitwa Mirambo, jina la sifa za vita ambalo maana yake ni maiti. Husimuliwa kwamba katika ujana wake alitekwa na Watuta, wale Wangoni waliofika mpaka pande hizi, akajifunza kwao mbinu za kupigana na lugha yao. Aliporithi Uyowa hakukaa akaridhika nayo. Ulyankulu ilikuwa miongoni mwa nchi alizozishika mapema, na wasafiri wa Ulaya wa wakati ule, ambao masikio yao hayakuzoea Kinyamwezi, waliiandika "Wilyankuru". Msomaji anayeitafuta Ulyankulu katika vitabu vya zamani na kuikosa, aitafute kwa tahajia hiyo.

Nguvu ya Mirambo ilitoka wapi? Hakuwa na ukoo mkubwa kuliko watemi wengine, wala nchi yake haikuwa na rutuba ya kupita kiasi. Alikuwa na rugaruga. Hao walikuwa vijana wa vita waliokusanywa kutoka kila upande: mateka waliokubali kumtumikia aliyewateka, watumwa waliotoroka misafara, wapagazi waliochoka mizigo, Watuta waliojitenga na wenzao, na watoto wa temi zilizoshindwa. Walifungwa pamoja na uaminifu kwa mtu mmoja na tumaini la nyara, si na damu. Sisi wa leo tunaopenda kusema "kabila fulani ndio wenyeji wa mahali fulani" tungepata shida sana kuwagawa watu wa boma la Mirambo. Hatutaki kuwapamba rugaruga: walichoma vijiji, waliuza watu, na jina lao liliwatia hofu wanawake waliokwenda kuteka maji. Tunasema tu kwamba jamii iliyokaa chini ya mtemi huyo ilikuwa tayari imechanganyika.

Agosti 1871

Tukio lililoipeleka Ulyankulu katika vitabu vya dunia lilitokea mwezi Agosti 1871. Mirambo alikuwa akitoza hongo kwa misafara iliyopita kwake, kama walivyofanya watemi wote, lakini alitoza kama mtu anayejua thamani ya njia. Waarabu wa Tabora walipoona njia ya Ujiji imefungwa, waliamua kumpiga. Wakati huo Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani aliyekuwa akimtafuta Dakta Livingstone, alikuwa Unyanyembe na mizigo yake haikuweza kwenda mbele. Akaungana nao.

Jeshi hilo lilianza vizuri kwa upande wao. Waliiteka Zimbizo. Kisha kijana mmoja wa Kiarabu, Saud bin Said bin Majid, akapewa watu wapatao 500 akaishambulie Ulyankulu, ambamo Mirambo mwenyewe alikuwemo. Stanley alibaki Zimbizo, akiugua homa. Boma lilitekwa. Lakini Mirambo alikwisha kutoka na watu wake, akawalaza katika majani marefu pande zote mbili za njia ambayo washindi wangerudi nayo. Washindi wakarudi wamelemewa: kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, walibeba pembe za ndovu zaidi ya mia moja, marobota ya nguo yapatayo 60, na mateka baina ya mia mbili na mia tatu. Majani yakainuka. Saud aliuawa pamoja na wengi wa watu wake, wakiwemo baadhi ya watu wa Stanley. Habari zilipofika Zimbizo kila mtu alikimbilia Tabora kwa njia yake. Tarehe 22 Agosti Mirambo akawafuata huko huko, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakuu wa Waarabu, akafa katika mapigano ya siku ile. Stanley aliizunguka vita kwa njia ya kusini, na mwezi Novemba akamkuta Livingstone Ujiji.

Habari hizi zimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ujanja wa Mirambo, na kwa hakika ni ujanja mkubwa. Hata hivyo, kila tunapowasomea wanafunzi wetu sisi huwataka wasimame kwenye neno "mateka". Katika siku moja, watu baina ya mia mbili na mia tatu wa Ulyankulu walifungwa kamba, wakatolewa katika boma lao, wakaingizwa njiani wakiwa mali ya wengine, kisha wakajikuta katikati ya mikuki ya mtemi wao mwenyewe. Hakuna anayetaja ni wangapi waliokoka. Stanley aliziandika pembe kwa makadirio, na watu vivyo hivyo. Ni miongoni mwa watu wa kwanza wa Ulyankulu ambao historia iliyoandikwa imetuachia habari zao, nao wanaonekana njiani, wakihamishwa kwa nguvu.

Vita na Tabora vilipungua baada ya miaka michache. Aprili 1876 Stanley alikutana tena na Mirambo, safari hii wakachanjiana udugu, na Stanley aliyemwita jambazi akamsifu kwa upole wa sauti yake. Mtemi akaisogeza mipaka yake hadi Uvinza penye chumvi na kivuko cha Malagarasi. Mwaka 1879 alimkaribisha Urambo Dakta Ebenezer Southon wa Shirika la Misheni la London, aliyefanya kazi ya utabibu mpaka alipokufa mwaka 1882 kutokana na jeraha la risasi iliyomwingia kwa ajali. Ndiyo mbegu ya Uprotestanti katika nchi hizi, na mwaka 1898 Wamoravian waliipokea kazi hiyo, nao wanaiendeleza hadi leo. Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Mrithi wake, Mpandashalo, aliuawa vitani mwaka 1890, na dola ile iliyoshonwa kwa uzi wa mtu mmoja ikafumuka.

Jinsi pori lilivyotengenezwa

Hapa yatupasa kukaa kidogo, maana ni sehemu ambayo hurukwa. Tunasoma Mirambo, kisha tunaruka moja kwa moja hadi 1972 na kukuta pori. Pori hilo lilitoka wapi?

Mtafiti Helge Kjekshus, katika kitabu alichokitoa mwaka 1977, alitoa hoja kwamba mapori mengi ya Tanzania si ya asili bali ni matokeo ya watu kupungua na kupoteza nguvu ya kuidhibiti ardhi yao. Wenzake wamepinga baadhi ya makadirio yake, lakini kwa nchi za magharibi ya Tabora tunaona hoja hiyo ina uzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe karibu wote katika sehemu kubwa za Afrika Mashariki. Ng'ombe wakifa, vichaka havipunguzwi. Vichaka vikirudi, ndorobo hurudi navyo. Vijana wa Kinyamwezi walikuwa wamezoea kwenda pwani na mizigo. Wadachi walipokuja wakawaita mashambani na kwenye reli. Katika Vita Kuu ya Kwanza watu walichukuliwa upagazi na chakula chao kikaliwa na majeshi, mpaka jeshi la Wabelgiji lilipoitwaa Tabora mwezi Septemba 1916. Kisha katika miaka ya 1920 na 1930 ugonjwa wa malale ulipoenea, serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa maeneo mengi ya magharibi katika vijiji vikubwa vilivyofyekwa, na nchi walizoziacha zikaachiwa miti na ndorobo. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na maisha mengi yaliokolewa. Hata hivyo ramani ikabaki na sehemu kubwa zisizo na jina la kijiji, na maofisa waliofuata waliziandika kuwa "tupu".

Nchi ikishaandikwa "tupu" huwavuta watu wenye mipango. Mwaka 1947 Urambo ilichaguliwa kuwa mojawapo ya sehemu tatu za mradi wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mradi ukavunjika mwaka 1951, na matingatinga yakabaki yakiota kutu. Kilichofaulu ni tumbaku, iliyoingizwa katika miaka ya 1950. Ikawapatia wakulima fedha, ikaleta vyama vya msingi, na ikaanza kula miombo kwa ajili ya kukausha majani katika mabani. Tumbaku hiyo tutakutana nayo tena.

Barabara zenye namba

Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalianza kusini mwa Burundi, na jibu la serikali ya huko likawa mauaji ya Wahutu yaliyodumu kwa miezi kadhaa. Watafiti hukadiria waliokufa kuwa baina ya laki moja na laki tatu. Waliotafutwa kwanza walikuwa wenye elimu: walimu, wanafunzi, makarani, wahudumu wa makanisa. Walioweza walivuka na kuingia Kigoma, na kutoka mpakani serikali ya Tanzania ikawahamishia ndani ya nchi. Walikuja kutoka magharibi kuelekea Unyamwezi, kinyume cha mwelekeo wa misafara ya kale iliyokuwa ikiifuata Ujiji, na mizigo yao ilikuwa watoto na vyungu.

Makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa mwaka huo wa 1972, yakafuatwa na Katumba, na baadaye Mishamo mwaka 1978, hayo mawili yakiwa pande za Mpanda. Mpango ulikuwa wa mikono mitatu: Serikali ilitoa ardhi na utawala, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi likatoa fedha, na kazi ya kujenga ikafanywa na TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kwa hiyo historia ya Ulyankulu ni sehemu ya historia ya Kanisa letu, ingawa katika vitabu vyetu vya historia ya Kanisa hupewa aya moja, kama inapewa. Mikono ya Kilutheri ilipima viwanja, ikafungua njia, ikachimba visima, ikajenga shule na zahanati. Ilifanya hivyo kwa watu ambao wengi wao hawakuwa Walutheri: walikuwa Wakatoliki, Wapentekoste na Waanglikana, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa makanisa yenye nguvu huko walikotoka. Katika jambo hilo twaweza kumshukuru Mungu bila kujisifu.

Mpangilio wa makazi ulikuwa wa mstari. Njia zilifyekwa porini, nyumba zikapangwa kandokando yake na mashamba nyuma yake, na kila njia ikapewa namba badala ya jina. Mtu alikuwa wa barabara ya ngapi, basi. Tusidhani kwamba ni wakimbizi peke yao waliopangwa hivyo. Katika miaka ile ile, hasa 1974, Operesheni Vijiji iliwahamisha Wanyamwezi wenyeji na mamilioni ya Watanzania wengine kwenda katika vijiji vilivyopimwa kwa kamba. Mzee wa Kinyamwezi aliyeondolewa kwenye mahame ya baba yake na mzee wa Kirundi aliyeondolewa kwao kwa bunduki walijikuta wote wawili wanaishi kwenye mstari ulionyooka. Tofauti ilikuwa katika sheria. Mkimbizi alikuwa chini ya sheria ya wakimbizi ya miaka ya 1960 na chini ya Mkuu wa Makazi aliyetoka Wizara ya Mambo ya Ndani. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Hakupiga kura, wala hakuwa na diwani. Mji wa maelfu ya watu uliokuwa ukilima, kuuza, kuoa na kuzika ulikuwa hauna serikali ya mitaa kwa maana ambayo sisi wengine tunaijua.

Tunaona ni haki kuuliza: Je, shirika la Kanisa lililojenga ndani ya uzio wa sheria namna hiyo lilipaswa kusema zaidi? Wapo wanaojibu kwamba lingesema zaidi, lingefukuzwa, na visima visingechimbwa. Wapo wanaojibu kwamba kisima hakimfanyi mtu kuwa huru. Sisi tunaelekea upande wa wale wa kwanza kuhusu mwaka 1972, wakati watu walikuwa wanakufa kwa kiu na homa. Kuhusu miaka iliyofuata, hatuna hakika hiyo. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi yote matatu yalikuwa mikononi mwa Serikali, TCRS ikaenda penye shida nyingine, na suala la haki za watu waliobaki likawa halina mtu wa kulisemea. Nasi vyuoni tuliendelea kufundisha Torati kuhusu mgeni akaaye kati yenu.

Watu waliongezeka Ulyankulu kuliko maji na udongo vilivyoweza kuwachukua. Ndiyo sababu Mishamo ilifunguliwa, na kuanzia mwaka 1978 maelfu ya watu wa Ulyankulu wakahamishiwa huko, wengi wao pasipo kupenda. Walikuwa wamekwisha kung'oa visiki, kujenga, na kuzika. Liisa Malkki, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Mishamo katikati ya miaka ya 1980 na kutoa kitabu chake mwaka 1995, alikuta watu waliojieleza kwa lugha ya Biblia, kama taifa lililo uhamishoni na linaloandaliwa kwa kurudi. Alikuta pia kwamba wenzao waliojichanganya katika mji wa Kigoma hawakujieleza hivyo. Kwa wachungaji hili ni jambo la kufikiri sana: maandiko yale yale ya Kutoka, yakisomwa ndani ya uzio na yakisomwa nje yake, yalitoa watu wawili tofauti.

Ulyankulu nayo ilikuwa na sauti yake, na wengi wetu tuliisikia pasipo kujua inatoka wapi. Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu ilijulikana kwa kaseti zake mbali sana na Tabora. Mtu aliyekuwa haruhusiwi kutoka pasipo kibali, sauti yake iliingia katika mabasi na maduka pasipo kuulizwa. Hata leo yuko mtu asiyeweza kuionyesha Ulyankulu kwenye ramani, lakini ukimtajia Barabara ya 13 atakuimbia.

Miaka minne bila nchi

Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa zilikubaliana kuyamaliza makazi ya wakimbizi wa 1972. Watu zaidi ya 200,000 waliandikishwa katika makazi matatu, na wakaulizwa: kurudi, au kuomba uraia? Takribani mmoja katika kila watano alichagua kurudi. Wanne walichagua uraia wa Tanzania. Haikuwa ajabu, maana wengi wa hao walizaliwa hapa na Burundi waliijua kwa masimulizi ya wazee. Mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 160,000 yakakubaliwa, na mataifa mengi yakaisifu Tanzania, kwa haki kabisa; hapakuwa na nchi iliyokuwa imewapokea wakimbizi wengi hivyo kuwa raia kwa mara moja.

Lakini kulikuwa na sharti. Ilipangwa kwamba raia hao wapya watawanywe katika mikoa mingine, na makazi yafungwe. Hati zingetolewa baada ya kuhama. Mikoa haikuwa tayari, fedha hazikutosha, na wenyewe hawakutaka kung'oka kwa mara ya pili, wengine ya tatu. Mpango ukasimama, na hati zikasimama nao. Sheria yetu hairuhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo waombaji walikuwa wamekwisha kuukana uraia wa Burundi. Wa kwanza umekwisha kukanwa, wa pili haujafika mkononi. Katika miaka hiyo hapakuwa na mtu aliyejua kama apande mwembe au asipande, maana mwembe huhitaji miaka. Oktoba 2014 ndipo hati zilipoanza kutolewa, na ikakubaliwa kwamba watu wanaweza kubaki walipo. Mwaka uliofuata Ulyankulu ilikuwa na jimbo lake la uchaguzi, na watu waliowahi kuongozwa na Mkuu wa Makazi wakapanga foleni kumchagua mbunge na diwani.

Waliopo leo

Anayefika Ulyankulu siku hizi hataona "wakimbizi". Ataona mji mdogo wa soko katika nchi ya tumbaku, mahindi, maharage na mihogo. Wapo Wanyamwezi na Wasumbwa, ambao mababu zao walikuwa na watemi hapa. Wapo Waha kutoka Kigoma, waliofuata kazi za tumbaku. Wapo Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao wakitafuta malisho, tangu miaka ya 1970 na kuendelea, na ambao leo ndio wanaogombana zaidi na mipaka ya misitu ya hifadhi. Na wapo Watanzania wenye asili ya Burundi, wengi wao wakizungumza Kiswahili cha shule na Kirundi cha nyumbani, wengine wakioana na hao wote tuliowataja. Ugomvi haukosekani: ng'ombe huingia kwenye mihogo, na mabani yanapohitaji kuni kila mtu hukumbuka ghafla mpaka wa shamba lake. Katika ugomvi wa namna hiyo neno "mkimbizi" bado hutoka mdomoni upesi kuliko mengine, nalo hutumika hata kwa mtoto aliyezaliwa baada ya 2014.

Ukiisoma orodha ya kata za Wilaya ya Kaliua utaliona jina la Uyowa, utemi wa Kasanda. Utaiona Igombe Mkulu, yenye jina la mto. Utaiona na Milambo, ambalo ndilo jina la mtemi mwenyewe kwa matamshi ya kwao.

Yule mwanafunzi tuliyemtaja mwanzoni alisoma rasimu ya makala hii kwa ombi letu. Alituandikia mambo mawili pembeni kwa kalamu ya risasi. La kwanza, tulikuwa tumeandika "kambi" mahali pamoja, naye akalikata, akaandika "makazi", akaongeza kwamba bibi yake hukasirika sana akilisikia neno hilo la kwanza. La pili lilihusu namba za barabara. Tulikuwa tumeandika kwamba ni aibu kwa watu kuitwa kwa namba, na kwamba ingefaa zipewe majina ya heshima. Akapiga mstari chini ya sentensi hiyo, akaandika: "Mwalimu, hapana. Hizo ndizo jina letu." Sentensi tumeiondoa.